Picha ya Mtu kwa Pasteli Ndani ya Saa Tatu, kwa Njia ya Venetsianov

Mwaka 1802 gazeti la Saint Petersburg, Urusi, lilitoa tangazo dogo la mchoraji aliyeingia mjini karibuni. Jina lake Venetsianov, anachora kwa pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu, kwa kukitazama kitu chenyewe, kazi yake huchukua saa tatu, na anayemhitaji atampata karibu na daraja la Kamenny. Alexei Venetsianov alikuwa kijana wa miaka 22, mtoto wa wafanyabiashara wa Moscow waliouza miche ya bustani, na picha pia. Baadaye angepata ajira ya serikali ya kuchora ramani, angejifunza kwa Vladimir Borovikovsky, mchoraji mashuhuri wa picha za watu, na mwaka 1811 angepewa cheo cha mwanataaluma wa sanaa. Lakini siku ile alichokuwa nacho ni vijiti vya rangi na ahadi ya saa tatu.

Mwongozo huu unaichukua ahadi hiyo na kuifanya ratiba. Umekusudiwa mtu anayejua kuchora uso kwa penseli, hata kama si kwa ustadi mkubwa, na sasa anataka kushika pasteli. Ambaye hajawahi kuchora uso kabisa ataumia kidogo, ila hatakufa.

Kwa nini Warusi, na kwa nini pasteli

Picha rasmi ya Urusi ya karne ya 18 ilikuwa shughuli nzito: turubai refu kuliko mtu, nishani, pazia la mahameli, nguzo nyuma, mkono umeelekezwa pasipo na kitu. Rangi ya mafuta hukauka polepole, kwa hiyo mkubwa aliyechorwa alikaa mara nyingi, na kila akikaa alivaa upya sura ya ukubwa. Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1757, kiliweka juu kabisa michoro ya matukio ya historia na dini. Picha ya mtu wa kawaida ilikuwa chini, na ya pasteli chini zaidi.

Huko chini ndiko kulikokuwa na uhuru. Pasteli ni rangi kavu ya unga iliyofungwa kwa chaki na gundi kidogo sana ya mti. Haihitaji kukauka, haihitaji mafuta wala brashi. Mtu aliweza kukaa asubuhi na picha yake ikawa tayari kabla ya chakula cha mchana. Kwa Saint Petersburg hilo halikuwa jambo dogo, kwa kuwa mwezi wa Desemba mchana wa huko ni wa saa sita hivi tu.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1812, Napoleon alipoivamia Urusi. Orest Kiprensky, mtoto wa nje ya ndoa wa kabaila na mwanamke wa tabaka la wakulima waliomilikiwa pamoja na shamba, alichora msururu wa maofisa vijana na jamaa zao kwa penseli ya Kiitalia, yaani jiwe jeusi laini la kuchorea, mara nyingine akitia rangi kidogo. Pyotr Olenin, aliyemchora mwaka 1813, alikuwa amejeruhiwa katika pigano kubwa la vita hiyo, la Borodino, mahali ambapo kaka yake Nikolai aliuawa. Picha za namna hiyo zilikuwa ndogo, za kubaki nyumbani na familia. Aliyechorwa hakuwa na haja ya kujitutumua.

Hiyo ndiyo hoja yangu katika mwongozo wote: utulivu wa picha hizi hautokani na mkono laini wa mchoraji. Unatokana na maamuzi manne yanayofanywa kabla hata kijiti hakijagusa karatasi, nayo ni ukubwa, umbali, mwanga na muda. Ukikosea hapo, hata uwe fundi namna gani, utapata picha ya pasipoti yenye rangi.

Karatasi kwanza, rangi baadaye

Wanaoanza hutumia pesa zote kwenye rangi kisha huchora juu ya karatasi nyeupe ya printa. Geuza mpango huo. Pasteli haipenyi ndani ya karatasi, inakaa juu, imenaswa na vinyweleo vya uso wake. Karatasi laini inashika tabaka moja, mawili, kisha inaanza kuteleza na kila kijiti kipya kinafuta cha zamani.

Venetsianov katika miaka yake ya mwanzo alitumia hata ngozi iliyotengenezwa kwa kuandikia. Picha yake ya kijana aliyevaa mavazi ya Kihispania, ya mwaka 1804, na ile ya Mikhail Fonvizin, ya mwaka 1812, ziko juu ya ngozi ya aina hiyo. (Fonvizin alikuwa ofisa wa vita ya Napoleon, baadaye alihukumiwa kwenda Siberia kwa kushiriki njama za Wadekabristi, maofisa walioasi dhidi ya mfalme Desemba 1825. Kwenye picha hana habari na hayo.) Wachoraji wa pasteli waliikwangua ngozi kwa jiwe la povu mpaka ikatoa vinyweleo vya kushika unga.

Wewe una njia rahisi zaidi. Karatasi maalumu ya pasteli ikipatikana, nunua. Isipopatikana, msasa mzuri wa maji, namba 400 hadi 600, unashika rangi vizuri sana ingawa unakula vijiti na ngozi ya vidole. Karatasi ya kaki inafaa kwa mazoezi tu, maana ina asidi na baada ya muda hubadilika rangi na kukatika.

Rangi ya karatasi ndiyo uamuzi mkubwa. Isiwe nyeupe. Iwe ya kati, ili giza liongezwe upande mmoja na mwanga upande mwingine, na karatasi yenyewe ifanye kazi ya katikati bure. Kwa nyuso nyeupe, kijivu au rangi ya udongo mkavu hufaa, maana kijivu kikiachwa wazi kwenye kivuli cha shavu tayari ni rangi ya kivuli hicho. Kwa ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, usiige karatasi ya Warusi hao, iga hesabu yao: tafuta karatasi inayolingana na sehemu ya uso isiyo na mwanga mkali wala kivuli. Mara nyingi itakuwa kahawia iliyoiva, au kijani kizito chenye vumbi. Kahawia ukiichagua nyekundu mno, uso mzima utaonekana una homa.

Ukubwa: sentimita 30 kwa 40 zinatosha, na kichwa kiwe kidogo kuliko kichwa halisi. Kichwa kilichochorwa kikubwa kuliko cha kweli hupoteza unyumbani, yaani ile hali ya picha ya kubaki nyumbani, mara moja, kinakuwa bango.

Vijiti: usinunue pasteli ya mafuta. Ile inafanana kwa jina tu. Ni ya nta na mafuta, haisuguliki kwa namna hii. Unahitaji vijiti vikavu vya aina mbili, vigumu vya kuanzia na laini vya kumalizia. Rangi 13 zinatosha: nyeusi, nyeupe, kijivu tatu, kahawia tatu kuanzia ya kahawa hadi ya mchanga, udongo mwekundu, udongo wa manjano, waridi moja iliyopoa, bluu nzito, na kijani cha udongo. Hicho cha mwisho watu hukidharau, kumbe ndicho kinachopooza kivuli cha shingo kisigeuke uchafu.

Kuhusu vumbi, usilipulize kamwe. Baadhi ya rangi zina metali zisizofaa mapafuni. Gonga ubao wa kuchorea lidondoke chini, futa sakafu kwa kitambaa kibichi, na mtoto asicheze hapo.

Mtu na dirisha

Tafuta mtu unayeweza kuongea naye. Hilo ni sharti la kazi, kwa sababu uso unaonyamaza kwa saa tatu hulegea na kuwa barakoa. Maongezi hurudisha macho. Sikiliza, uliza, lakini mdomo unapouchora nyamaza, naye atanyamaza.

Mwombe ruhusa kwa uwazi, na mweleze picha itakwenda wapi. Nasema hivi kwa sababu ya Venetsianov mwenyewe. Alipohamia shamba lake la Safonkovo, mkoa wa Tver, alianza kuchora wakulima, na kazi yake ya pasteli iitwayo Kumenya Viazisukari, iliyoko Jumba la Makumbusho la Urusi, ni mojawapo ya michoro ya kwanza ya nchi ile kumchukulia mwanakijiji kama mtu na si pambo. Naipenda sana. Lakini wakulima wale hawakuwa huru, utumwa wa mashambani ulifutwa mwaka 1861 tu, na mwenye shamba akikuambia kaa, unakaa. Unyumbani wa picha hauthibitishi kwamba mtu alipenda kuchorwa.

Mkalishe kwenye kiti kisicho na starehe nyingi, robo tatu ya uso kuelekea kwako, macho yake usawa wa yako au chini kidogo. Ukimchora kutoka chini unamfanya sanamu. Kata picha kifuani. Mikono iache nje: itakupotezea nusu saa, na mchoro wa namna hii hauihitaji. Weka alama za utepe wa gundi wa karatasi sakafuni penye miguu ya kiti na miguu yake, kwa kuwa atanyanyuka kupumzika kila baada ya dakika 25, na akirudi sentimita tano pembeni, kivuli cha pua kitakuwa kimehama.

Mwanga utoke dirisha moja, upande mmoja, juu kidogo ya kichwa. Zima taa. Vitabu vya Ulaya vitakuambia dirisha la kaskazini, na kwao ni kweli, kwa sababu jua haliingii huko. Karibu na Ikweta jua hupita kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine, hivyo kanuni ile haina maana. Chagua dirisha ambalo jua haliligusi katika saa zile unazochora, au tundika shuka jeupe. Anza saa tatu asubuhi, maliza saa sita.

Saa ya kwanza: umbo na giza

Chora kwa mkaa laini wa kuchorea au kijiti kigumu cha kahawia, kwa mkono mwepesi. Penseli ya kawaida usiiguse kabisa. Ina utelezi, itang'aa chini ya rangi na pasteli itakataa kukaa juu yake. Dakika 20 zitumie kwa mahali pa vitu tu: kichwa kimeinama kiasi gani, macho yako wapi, umbali wa pua na kidevu, mstari wa mabega. Mwelekeo wa kichwa juu ya shingo una thamani kuliko sura ya pua. Mtu wako tunamjua kwa mbali kabla hatujaona pua yake.

Sasa fumba macho nusu, mpaka maelezo yapotee na zibaki sehemu mbili, ya mwanga na ya kivuli. Chukua kijiti kigumu cha kahawia nzito, kilaze ubavu, funika kivuli chote kwa mpigo mmoja: tundu la jicho, upande wa pua, chini ya mdomo, shingo, nywele za upande ule. Usigawanye. Kivuli kikiunganika, uso unasimama hapo hapo. Kikikatika vipande vipande, hakuna rangi itakayouokoa.

Mwishoni mwa saa hii picha inapaswa kuwa mbaya lakini iwe imemfanana. Kama haijamfanana sasa, haitamfanana baadaye. Ikung'ute kwa brashi kavu ya nywele ngumu na urekebishe. Zamani walifutia sehemu laini ya ndani ya mkate mweupe, na njia hiyo bado inafanya kazi: finya kidogo, bonyeza, usisugue.

Saa ya pili: uso

Hapa ndipo pana kazi yenyewe, na hapa usiharakishe.

Utaratibu wa pasteli ni vigumu kabla ya laini, giza kabla ya mwanga, tabaka jepesi kabla ya zito. Ukianza na kijiti laini cheupe umeziba vinyweleo vyote, na kila kitakachofuata kitageuka ujivu.

Anza na rangi za kati. Kwenye mwanga weka udongo wa manjano au kahawia ya mchanga kwa mistari mifupi inayofuata mzunguko wa shavu. Kwenye kivuli weka udongo mwekundu, kisha juu yake mistari michache ya kijani cha udongo au bluu nzito. Usizichanganye kwa kusugua. Ziache kila moja pembeni mwa mwenzake. Jicho la mtazamaji litazichanganya lenyewe, na ngozi itaonekana inapumua. Uso una kanda: paji hukaribia manjano, mashavu, pua na masikio hukaribia wekundu, kidevu na eneo la ndevu hupoa kuelekea kijivu. Kwa ngozi nyeusi kanda hizi zipo vilevile, ila mwanga wa dirisha juu ya paji na mfupa wa shavu mara nyingi ni baridi, una bluu ya anga ndani yake. Ukiuweka mweupe mtupu unapata uso uliopakwa unga.

Kusugua kupo, lakini kwa ubahili. Tumia kidole kidogo, kwa sababu hakina nguvu na hakina mafuta mengi. Lainisha pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli, basi. Tazama Kiprensky alivyogawa nguvu zake katika picha za maofisa: uso umelainishwa na kuzungushwa kwa subira, halafu ukishuka kwenye kola na kifua unakutana na mistari michache ya haraka, iliyo wazi, karibu ya uvivu. Tofauti hiyo ndiyo inayopeleka jicho usoni. Ukisugua picha nzima unapata sabuni.

Macho. Usiyazungushie mstari. Anza na kivuli cha kope la juu, ndicho chenye uzito, kisha mboni, kisha weupe wa jicho, ambao si mweupe: ni kijivu, na upande wa kivuli ni kijivu kizito. Kope la chini lina ukingo mwembamba unaoshika mwanga. Mstari mmoja mfupi unatosha. Jicho la mbali liwe na maelezo machache kuliko la karibu. Nukta ya mwanga isubiri mwisho kabisa.

Mdomo uko kwenye mstari unaotenganisha midomo, na hasa kwenye pembe zake. Mdomo wa juu huwa kivulini, wa chini hushika mwanga. Ukiona picha inatabasamu bila ruhusa, pembe umezipandisha.

Kila mapumziko, geuza picha ikae kichwa chini au iangalie kwenye kioo. Kasoro zitajitokeza zenyewe.

Saa ya tatu: mengine, kisha uache

Nywele ni kitu kimoja chenye mwanga na kivuli, si nyuzi. Kilaze kijiti, weka umbo la giza, toa mwanga mahali pawili, na nyuzi chache pembeni zinazovuka kwenye paji ili kichwa kisiwe kofia. Nguo: rangi moja, mikunjo mitatu. Nyuma ya kichwa, ongeza giza kidogo upande wa uso wenye mwanga na mwanga kidogo upande wenye kivuli. Sehemu nyingine iache karatasi tupu.

Robo saa ya mwisho toa vijiti laini. Mwanga wa paji, ncha ya pua, mdomo wa chini, halafu nukta ya jicho. Bonyeza mara moja, inua, usirudie. Saa sita ikifika, weka chini. Wengi huharibu picha kati ya saa sita na saa saba, kwa kwenda kuikamilisha kola.

Kuikinga

Unga wa pasteli unabaki kuwa unga miaka 200. Ndiyo maana makumbusho huogopa kuzisafirisha kazi hizi, na huziweka kwenye mwanga hafifu wa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Ukienda jumba la sanaa la Tretyakov kule Moscow kutafuta Kiprensky wa karatasi, usishangae chumba kina giza au kazi uliyoifuata imepumzishwa.

Dawa ya kunyunyiza ya kukazia rangi huzima weupe na kutia giza rangi za kati. Kama ni lazima, nyunyiza mwisho wa saa ya kwanza, juu ya tabaka la giza, ukiwa nje kwenye hewa. Tabaka za mwisho ziache zilivyo. Kinga ya kweli ni kioo. Kisiguse picha: weka kadibodi nene iliyokatwa dirisha katikati, ili hewa ipite. Epuka plastiki ya uwazi ya kawaida, kwa kuwa ikifutwa hujaa umeme na kuvuta unga kutoka kwenye karatasi. Ziba nyuma kwa karatasi, tundika ukuta wa ndani usiopata jua. Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam adui ni ukungu zaidi ya jua, kwa hiyo acha nafasi ndogo kati ya fremu na ukuta na uikague kila masika.

Nyuma ya kadibodi andika kwa penseli jina la mtu kama ameridhia, tarehe, na aina ya karatasi. Kama ataichukua siku hiyo hiyo, funika uso wa picha kwa karatasi laini ya kuokea, ibane kati ya kadibodi mbili kwa utepe wa gundi wa karatasi pembe zote nne isicheze, na umwambie aibebe imelala, uso juu. Isikunjwe kama bomba, na isiwekwe chini ya buti la basi na mizigo juu yake.